Somo la Kumi na Nne: Hali ya Kuamuru na Kiambishi cha Yambwa katika Matini ya Mapishi

Shabaha za somo

Mwishoni mwa somo hili, mwanachuo aweze:
(a) kuunda vitenzi vya hali ya kuamuru, kwa yambwa na bila yambwa;
(b) kutumia hali tegemezi na ukanushi wake katika maelekezo;
(c) kutambua kiambishi cha yambwa chenye utata na kukiondolea utata huo;
(d) kuchagua kati ya -ki- na -kisha- pale ambapo mpangilio wa matendo una uzito.

1. Utangulizi

Katika masomo mawili yaliyotangulia tuliichambua hali ya kuamuru kwa sentensi fupi za darasani: *simama, keti, fungua kitabu*. Sentensi za namna hiyo hazimtaabishi mwanafunzi, kwa sababu mwalimu yupo mbele yake na akikosea husahihishwa papo hapo. Maelekezo ya maandishi hayana bahati hiyo. Aliyeyaandika yuko mbali, na anayeyafuata ana karatasi tu mkononi. Kwa hiyo jambo ambalo katika mazungumzo lingekuwa kosa dogo la sarufi, katika maandishi huweza kuwa kosa la kitendo.

Tumechagua matini ya mapishi kwa sababu karibu kila kitenzi chake ni agizo, na kila agizo lina mpangilio wake. Matini tutakayoichambua hatukuitunga sisi. Iliandikwa na mmoja wa wanachuo wetu wa mwaka wa kwanza. Shangazi yake alikuwa ameshauriwa katika kliniki ya kisukari apunguze vyakula vya wanga, naye alikuwa amechoka kula mboga tupu. Aliyekuwa akimpikia ni mpwa wake, kijana aliyelelewa Bukoba, ambaye husoma Kiswahili lakini hasomi Kiganda. Mwanachuo wetu akamwandikia kwa Kiswahili jinsi ya kutayarisha kifua cha kuku kilichojazwa mchicha na uyoga na kupikwa juu ya makaa. Chakula hicho kilikuwa chaguo zuri: nyama ya kuku haina wanga wa kutajika, na mchicha na uyoga vina wanga kidogo sana. Kinachoongeza wanga katika kuku wa kujazwa kwa kawaida ni makombo ya mkate au wali unaotiwa ndani, na hivyo vyote aliviacha.

2. Matini ya kwanza

> Chukua kifua cha kuku na kisu kikali. Kikate ubavuni kama mfuko. Kisha kioshe vizuri. Pika mchicha na uyoga, ukipoa, kijaze. Kichome kwa kijiti, halafu kichome mpaka kinakuwa chekundu. Kuku ikiiva iondoe, ule.

Kijana aliyafuata maelekezo hayo neno kwa neno. Alipofika kwenye *kioshe vizuri*, aliosha kifua cha kuku. Kisu hakukiosha. Baadaye akakitumia kisu kile kile kukatia nyanya na vitunguu vya kachumbari, ambayo huliwa mbichi. Shangazi aliumwa tumbo siku mbili. Hatudai kwamba kiambishi kimoja ndicho kilichomlaza kitandani. Tunachosema ni kwamba kiambishi hicho kiliuacha mlango wazi, na kazi ya mwandishi wa maelekezo ni kuufunga.

Na tuichambue matini hii hatua kwa hatua.

3. Umbo la kitenzi cha kuamuru

Kitenzi cha kuamuru kisicho na yambwa hubaki na kiishio chake cha asili katika umoja, na huongezewa *-ni* katika wingi:

kata – kateni
geuza – geuzeni
funika – funikeni

Kiambishi cha yambwa kinapotangulia mzizi, kiishio *-a* hugeuka kuwa *-e*:

kata – kikate – kikateni
geuza – kigeuze – kigeuzeni
funika – kifunike – kifunikeni

Vitenzi vyenye asili ya kigeni ambavyo haviishii kwa *-a* havibadiliki: *hifadhi* huwa *kihifadhi*, wala si *\*kihifadhie* kwa maana hiyo. Mwanachuo akumbuke kwamba *kihifadhie* ni umbo jingine, lenye kauli ya kutendea ndani yake, kama katika *mhifadhie shangazi chakula chake*.

Vitenzi vya silabi moja hubeba *ku-* katika umoja bila yambwa (*kula!*), lakini huiacha yambwa inapoingia (*kile, mle, usikile*).

Kwa upande wa umbo, mwanachuo wetu hakukosea hata mara moja: *kikate, kioshe, kijaze, kichome* ni maumbo sahihi yote. Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Umbo sahihi si dhamana ya maana sahihi. Mwalimu anayesahihisha umbo peke yake angeipa matini hii alama zote.

4. Hali tegemezi na ukanushi

Agizo moja likifuatwa na jingine linalotegemea lile la kwanza, kitenzi cha pili huingia katika hali tegemezi: *Chukua kisu ukate mchicha. Epua sufuria uache mchanganyiko upoe.* Kinachofuata *hadi* kuonyesha kikomo ambacho bado hakijafikiwa nacho huchukua hali hiyo: *kaanga hadi maji yakauke*. Kwa hiyo *mpaka kinakuwa* katika matini ya kwanza lirekebishwe liwe *mpaka kiwe*. Wakati uliopo hueleza jambo linalotendeka; kikomo cha agizo ni jambo linalongojewa.

Kiswahili hakina umbo la pekee la kukanusha amri. Kazi hiyo hufanywa na hali tegemezi yenye *-si-*. Tukigawa neno *usikioshe* tunapata:

u – si – ki – osh – e
(nafsi – ukanushi – yambwa – mzizi – kiishio)

Matini ya kwanza haina kitenzi hata kimoja cha kukanusha, na hilo ni pungufu. Maelekezo mema humwambia msomaji la kutenda na la kutotenda. Wengi wetu tumezoea kuosha nyama ya kuku kabla ya kuipika. Lakini maji yanayoruka kutoka kwenye nyama mbichi hutawanya vijidudu kwenye vyombo, meza na vyakula vingine vilivyo karibu, ilhali moto wa kutosha huviua vijidudu hivyo bila kuosha. Desturi yenye nguvu kiasi hicho haizuiliki kwa kunyamaza. Huhitaji *usi-* ya wazi.

Hata ushauri wa kliniki huandikwa vyema kwa umbo hili: *Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze wanga kwa kiasi kikubwa kabla hajazungumza na mhudumu wake wa afya*, kwa kuwa dawa isiporekebishwa, sukari ya mwilini huweza kushuka kupita kiasi. Tazama jinsi *kabla* inavyofuatwa na *-ja-* ya ukanushi: tendo la pili halina budi kutimia kwanza.

5. Yambwa yenye utata

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Soma tena:

> Chukua kifua cha kuku na kisu kikali. Kikate ubavuni kama mfuko. Kisha kioshe vizuri.

*Kifua* na *kisu* ni nomino za ngeli moja, ngeli ya KI-VI. Kiambishi *-ki-* hakina njia ya kuonyesha ni ipi kati ya hizo mbili inayokusudiwa. Katika *kikate* msomaji hapotei, kwa sababu hakuna mtu anayekata kisu; maana ya kitenzi yenyewe imeondoa utata. Katika *kioshe* kinga hiyo haipo. Kisu huoshwa, na kifua cha kuku pia wengi hukiosha. Mwandishi alikusudia kisu, msomaji akaelewa kifua, na wote wawili walikuwa na haki kisarufi.

Jikoni hatari hii ni kubwa kuliko mahali pengine, kwa kuwa ngeli ya KI-VI imejaa vitu vya jikoni: *kisu, kijiko, kikombe, kikaango, kijiti, kibao, kitunguu, kiazi, kipimajoto, chungu, chombo*. Wingi hausaidii, maana *vifua*, *visu* na *vijiti* vyote hupatana na *-vi-*.

Tunapendekeza njia tatu za kuondoa utata:

*Kwanza*, rudia nomino. *Osha kisu vizuri.* Wanachuo wengi huogopa kurudia neno wakidhani ni udhaifu wa mtindo. Katika insha huenda ikawa hivyo; katika maelekezo, kurudia ni adabu kwa msomaji.

*Pili*, itangulize nomino mbele ya kitenzi: *Kisu kioshe mara moja, nyama usiioshe.* Mpangilio huu unafaa hasa pale tunapolinganisha vitu viwili.

*Tatu*, badili nomino moja kwa nyingine ya ngeli tofauti. Tukisema *nyama* badala ya *kifua*, yambwa huwa *-i-*. Tukisema *ubao* badala ya *kibao*, yambwa huwa *-u-*. Hapo viambishi vyenyewe hutofautisha: *ichome, uoshe, kioshe*.

6. Upatanisho wa neno *kuku*

Sentensi ya mwisho ya matini ina kosa ambalo walimu wa nchi yetu hulisikia kila siku: *\*Kuku ikiiva iondoe.* Chanzo chake si uvivu. Katika Kiganda, *enkoko* hupatana na vitenzi kwa ngeli ya umbo lake, na mwanafunzi huuhamishia upatanisho huo kwenye Kiswahili. Katika Kiswahili sanifu, nomino za viumbe hai hupatana kama ngeli ya A-WA, na *kuku* hubaki na upatanisho huo hata akiwa amechinjwa na kuwekwa sahanini:

kuku akiiva mwondoe
kuku aliyejazwa mchicha
kuku wa kuchoma

Tukitaja sehemu yake, upatanisho huifuata sehemu hiyo: *kifua cha kuku kilichojazwa, nyama ya kuku iliyoiva, mapaja ya kuku yaliyokatwa.* Kwa hiyo *kuku aliyejazwa* na *kifua cha kuku kilichojazwa* ni maelekezo mawili tofauti: katika la kwanza tunajaza kuku mzima, katika la pili tunajaza kipande chake. Muda wa kupika haulingani, na anayepima muda wa kuku mzima kwa kipimo cha kifua atamtoa akiwa mbichi.

7. Kitenzi *choma* na kivumishi *-ekundu*

*Kichome kwa kijiti, halafu kichome.* Msafiri apitaye Namawojjolo, kwenye barabara ya Kampala–Jinja, huletewa kuku wa kuchoma aliyechomekwa kwenye kijiti, na katika kipande kimoja hicho hushika maana zote mbili za mzizi huu: kutoboa kwa kitu chenye ncha, na kuivisha kwa moto. Katika maandishi tuzitenganishe. Kwa kazi ya kijiti tunalo neno *bana*, kwa kuwa kijiti hapa hufunga mdomo wa mfuko. Kwa kazi ya makaa tunalo neno *banika*, ambalo wapishi wa samaki na nyama wanalijua vyema.

*Mpaka kiwe chekundu* nalo lina hatari yake. Tunasema *kaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu*, nasi twaeleweka. Lakini wekundu wa kuku waweza pia kuwa dalili ya ubichi. Rangi ya nje itajwe kwa neno *kahawia*, na uivaji upimwe kwa joto: nyama ya kuku, pamoja na kilichojazwa ndani yake, ifike nyuzi 74 za Selsiasi katikati. Kilichojazwa kimegusana na nyama mbichi, basi nacho hakina budi kufika joto hilo.

8. Kati ya *-ki-* na *-kisha-*

Kiambishi *-ki-* huonyesha sharti au tendo linaloendelea sambamba na jingine. *-Kisha-* huonyesha tendo lililokamilika kabla ya jingine kuanza. Linganisha:

Makaa yakiwaka, weka nyama.
Makaa yakishafunikwa na majivu meupe, weka nyama.

Anayefuata sentensi ya kwanza huweka nyama juu ya ndimi za moto, ikaungua nje na kubaki mbichi ndani. Anayefuata ya pili hungoja. Vivyo hivyo, *ukipoa, kijaze* lirekebishwe. Kwanza, *mchicha na uyoga* ni nomino mbili, na *u-* haifai kuzibeba zote. Neno *mchanganyiko* linatuponya. Pili, *ukishapoa* linasisitiza kwamba kupoa kumekwisha.

9. Matini iliyosahihishwa

Baada ya mjadala wa darasa zima, mwanachuo wetu aliandika upya. Tunaichapa matini hiyo kwa ridhaa yake.

*Mahitaji kwa watu 4:* vifua 4 vya kuku visivyo na mfupa wala ngozi, kila kimoja gramu 200 hivi, fungu 1 la mchicha, gramu 150 za uyoga, gramu 100 za jibini ngumu iliyokatwa vipande vidogo, punje 3 za kitunguu saumu, ndimu 1, vijiko 2 vya mafuta, kijiko kidogo 1 cha chumvi, nusu kijiko kidogo cha pilipili manga, vijiti 8 vya mbao.

1. Loweka vijiti katika maji kwa dakika 30, ili visiungue.
2. Katakata mchicha, uyoga na kitunguu saumu. Vikaange kwa kijiko 1 cha mafuta hadi maji yote yakauke. Epua, uache mchanganyiko upoe. Ukishapoa kabisa, tia jibini uchanganye.
3. Weka nyama juu ya ubao. Ipasue ubavuni kwa kisu chembamba, utengeneze mfuko. Usiipasue hadi upande wa pili.
4. Tia mchanganyiko ndani ya kila mfuko. Usiujaze kupita kiasi. Bana mdomo wa mfuko kwa vijiti 2.
5. Kisu na ubao vioshe mara moja kwa maji ya moto na sabuni, nawe unawe mikono. Nyama usiioshe.
6. Washa mkaa. Makaa yakishafunikwa na majivu meupe, yasogeze yote upande mmoja wa jiko, kisha weka wavu.
7. Ipake nyama mafuta yaliyobaki, ndimu, chumvi na pilipili manga. Ibanike upande wenye makaa kwa dakika 4, uigeuze, uibanike dakika 4 nyingine hadi iwe ya kahawia.
8. Isogeze upande usio na makaa, uifunike kwa sufuria au kifuniko. Iache dakika 12 hadi 15, mpaka kipimajoto kilichochomekwa katikati ya mchanganyiko kionyeshe nyuzi 74. Usiiondoe kabla haijafika hapo.
9. Iweke katika sahani safi, si ile iliyobeba nyama mbichi. Ipumzike dakika 5. Chomoa vijiti ndipo uandae pamoja na kabichi au kachumbari. Matoke na wali visiwepo mezani.

Tazama kwamba mwandishi amelishika neno *nyama* kutoka hatua ya tatu hadi ya mwisho. Yambwa *-i-* inafuatana nalo bila kugongana na *kisu*, *vijiti* wala *kipimajoto*. Hakuhitaji umbo jipya la sarufi ili kufika hapo. Alihitaji kujiuliza, kwa kila kiambishi, msomaji wake atashika kitu gani.

10. Mazoezi

1. Geuza hatua ya tatu na ya nne ziwe katika wingi wa kuamuru (*-ni*), ukizingatia vitenzi vya hali tegemezi.
2. Katika kila sentensi ifuatayo, taja nomino zote ambazo kiambishi kinaweza kuzirejelea, kisha ondoa utata kwa njia mbili tofauti:
(a) Toa kijiko katika chungu ukifunike.
(b) Menya viazi kwa visu vidogo, kisha uviweke mbali na watoto.
(c) Mpe mtoto kikombe na kidonge, akinywe chote.
3. Sahihisha upatanisho, ueleze chanzo cha kosa: *Kuku hii imeiva, ikate vipande nne.*
4. Eleza tofauti ya maana kati ya *maji yakichemka, tia chumvi* na *maji yakishachemka, tia chumvi*.
5. Andika maelekezo ya kazi yoyote ya nyumbani yasiyozidi maneno 150. Mpe mwenzako ayatende mbele ya darasa, nawe ukae kimya. Pale atakapokosea, usimsahihishe yeye, isahihishe karatasi.

Zoezi la tano lifanywe kabla ya mengine yote, na mwalimu asiliruke kwa kukosa muda. Mwenye kuona mkono wa mwenzake ukienda kwenye kitu asichokikusudia hatahitaji kukumbushwa tena kazi ya kiambishi cha yambwa.